Hiace ya Kulala Safarini: Anza na Hewa, Kitanda Kitafuata

Asubuhi yetu ya kwanza Lushoto, tone la maji liliniangukia shavuni nikashtuka usingizini. Mvua haikuwa imenyesha. Pembeni yangu mke wangu alikuwa ameketi, anakohoa. Nilipopapasa dari, zulia lote lilikuwa limelowa chepechepe.

Mke wangu ana pumu, na gari lile tulilitengeneza hasa ili tuwe tunapanda milimani apate kupumua vizuri. Tuliporudi Tanga nikabandua dari. Nyuma ya zulia, sponji ilikuwa imejaa ukungu mweusi wa madoadoa, na ubavu mmoja wa paa umeshaanza kushika kutu. Gari lilikuwa na miezi mitano tu tangu litoke kwa fundi.

Kosa lilikuwa kwenye mpango. Tulianza na kitanda, tukaja makabati na taa za rangi, hewa tukaiacha ijitafutie njia. Nimelivunja lote na kulijenga upya, na huu ndio utaratibu niliofuata mara ya pili. Vipimo ni vya Toyota Hiace ya mizigo, toleo lililoanza 2004, bodi ya kawaida yenye paa la chini. Mafundi wanaijua na spea zake zinapatikana hata nje ya mji. Ukiwa na gari jingine vipimo vitabadilika, utaratibu utabaki huu huu.

Kwanza fanya hesabu moja. Sehemu ya mizigo ya Hiace hii ina urefu wa mita 3 hivi, upana mita 1.5 na kimo mita 1.3. Zidisha: inakaribia mita za ujazo 6. Chumba cha kawaida cha mita 3 kwa 4 chenye dari ya mita 2.7 kina mita za ujazo 32. Kwa hiyo mnalala wawili ndani ya hewa ambayo ni chini ya moja ya tano ya ile mliyozoea. Na kwa usiku mmoja, pumzi na jasho la watu wawili hutoa nusu lita ya maji au zaidi. Mvuke huo ukikutana na bati lililopoa usiku, unageuka matone. Ndiyo mvua iliyotunyeshea Lushoto.

Hatua ya 1: Nunua kwa pua, kisha kwa macho

Omba gari likae juani saa mbili, milango na vioo vimefungwa. Fungua, ingiza kichwa, nusa. Gari lililobeba samaki au dagaa halisafishiki kirahisi, maji yake yameshapenya chini ya sakafu na kwenye mikunjo ya bati. Harufu ya ukungu maana yake kuna mahali panavuja. Harufu ya moshi ni mbaya kuliko zote, kwa sababu injini ya Hiace iko chini ya viti vya mbele, ndani kabisa ya nyumba yako. Kagua mpira unaoziba kifuniko cha injini chini ya kiti, halafu lala chini ya gari uifuate ekzosi kuanzia mbele mpaka mwisho wake.

Kutu itafute kwenye mifereji ya paa, chini ya kioo cha mbele, kwenye matao ya matairi na chini ya mpira wa sakafu. Kama gari lilikuwa kipanya, hesabu matundu ya boliti za viti, kila moja lilikuwa linapitisha maji. Mimi ningechukua gari lenye injini ya wastani na bodi safi. Injini fundi ataifungua airekebishe, bodi iliyooza itakusumbua mpaka uiuze.

Kabla hujakata chochote, kaulize Mamlaka ya Mapato (TRA) kuhusu kadi ya gari endapo utabadili rangi, idadi ya viti au matumizi, na kampuni ya bima iambie pia.

Hatua ya 2: Chora sakafuni, ulale hapo hapo

Chukua chaki, chora mstatili wa mita 3 kwa 1.5 kwenye uwanja au sebuleni. Weka godoro ndani yake. Utagundua mara moja kwamba mtu mzima hawezi kulala kukingama, upana hautoshi. Kitanda kinakwenda kwa urefu wa gari. Godoro la futi 4 kwa 6 linakula sentimita 183 za urefu na 122 za upana, linakuachia kama mita 1.2 mbele yake na ujia mwembamba ubavuni. Nyumba yako yote iliyobaki ni hiyo.

Kimo cha kitanda ndicho watu wengi wanachokosea. Wanakiinua sentimita 60 ili wapate stoo kubwa chini, halafu hawawezi kukaa. Pima mwenyewe: kaa kwenye benchi, mtu akupimie kutoka kwenye benchi hadi utosini. Mimi nina sentimita 90. Kimo cha ndani ni 130, toa 3 za sakafu na 3 za dari, inabaki 124. Ukitoa na zile 90, uso wa godoro hauruhusiwi kuvuka sentimita 34 kutoka sakafuni. Godoro la inchi 4 lina sentimita 10, kwa hiyo fremu yangu ina sentimita 24. Chini yake yanaingia masanduku mafupi ya plastiki, na jioni mvua ikinyesha tunakaa wima, tunakunywa chai kama watu. Ukiwa na uwezo wa kununua Hiace ya paa la juu, nunua hiyo. Shingo na mgongo vitakushukuru.

Kitanda kiwe cha chaga, nafasi ya vidole viwili vitatu kati ya ubao na ubao, kisiwe cha ubao mzima. Joto la mwili linasukuma unyevu kupitia godoro mpaka chini, na ukikutana na ubao usiopitisha hewa, utaona ukungu upande wa chini ndani ya wiki chache. Asubuhi simamisha godoro ubavuni mwa gari wakati maji ya chai yanachemka.

Hatua ya 3: Toboa paa kabla ya kupamba

Ng'oa kila kitu, osha, kausha siku mbili tatu milango ikiwa wazi. Kutu ikwangue mpaka bati ling'ae, paka redoksaidi, ile rangi ya msingi ya kuzuia kutu, kisha rangi yenyewe. Sisi wa pwani hatuna ruhusa ya kuruka hatua hii, chumvi ya baharini haisubiri.

Sasa feni ya paa. Zile za magari ya kulala hukaa kwenye tundu la mraba la inchi 14, yaani sentimita 36 hivi. Iweke nyuma, juu ya upande wa miguu, katikati ya mbavu mbili za paa, usikate ubavu. Pima mara tatu, bandika karatasi ya gundi kuzunguka mchoro ili rangi isichubuke, kata kwa jigsoo taratibu, kwangua ncha kwa tupa. Halafu, hapo hapo, kabla ya kupumzika, paka rangi ya kuzuia kutu kwenye bati lililokatwa.

Kuziba tumia gundi ya kubandikia vioo vya mbele vya magari. Silikoni inayonuka siki usiiguse. Asidi inayotoa wakati inakauka hula bati, na ndiyo iliyoozesha ule ubavu wa paa mara ya kwanza. Fundi aliniambia, "Kaka, hii silikoni ndiyo tunayotumia kwenye masinki." Sinki halina bati linaloshika kutu.

Feni inatoa hewa, lazima kuwe na mahali inapoingia. Hewa iingie chini na mbele, itoke juu na nyuma, ipite juu ya uso wa aliyelala. Mimi nimetumia kioo cha kuteleza cha ubavuni, karibu na kichwa, chenye wavu. Kwa siku za mvua niliongeza matundu mawili sakafuni nyuma ya kiti cha dereva, yamefunikwa wavu wa chuma, mbali na ncha ya ekzosi. Feni ikizungushwa polepole usiku kucha, husikii kelele na asubuhi dari ni kavu.

Hatua ya 4: Kinga ya joto

Paa jeupe linakula jua kidogo kuliko rangi yoyote nyingine. Kama lako ni jeusi au bluu, lipake nyeupe kwanza, ni kazi ya nusu siku.

Ndani, tumia povu lisilonyonya maji, libandike kabisa kwenye bati pasibaki mfuko wa hewa nyuma yake. Lile jeusi laini kama mpira, ambalo mafundi viyoyozi wanavisha mabomba, linauzwa pia kwa karatasi kubwa, na milimita 20 hadi 25 zinatosha kwa hali ya hewa yetu. Linakunjika kwenye mikunjo ya bodi. Sponji ya godoro ni sumaku ya ukungu. Sufi ya kioo inashika maji ikilowa na nyuzi zake zinawasha kifua, mwenye pumu asilale karibu nazo. Karatasi ya kung'aa peke yake, ikigandishwa kati ya bati na ubao, haifanyi kazi, inahitaji nafasi ya hewa mbele yake. Itumie kushonea vifuniko vya vioo vya mbele, hapo inasaidia sana.

Matundu madogo yaliyo chini ya milango usiyazibe. Yameachwa na kiwanda ili maji yatoke.

Hatua ya 5: Mbao, gundi na kile unachokivuta usiku

Mbao za MDF, zinazotengenezwa kwa unga wa mbao na gundi, ni rahisi na zinanyooka vizuri, mafundi wa samani wanazipenda. Gundi yake hutoa fomaldehaidi, gesi inayochoma macho na koo, na shirika la utafiti wa saratani la IARC liliiweka mwaka 2004 kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Ndani ya mita za ujazo 6 zilizopigwa jua, gesi hiyo hutoka kwa wingi. Tena MDF ikilowa inavimba kama mkate kwenye chai.

Plaiwudi ya marini, ile ya gundi inayovumilia maji, ya milimita 9 kwa makabati na 12 kwa sakafu inafaa. Kwa fremu nilitumia paini kavu ya Mufindi, nyepesi na inashika skrubu. Mninga na mvule ni mbao za heshima, ila uzito wake weka kwenye meza ya nyumbani. Jambo moja naliomba sana: mbao ya kijani ya kenchi, iliyotiwa dawa ya mchwa, isiingie kwenye gari. Dawa hiyo mara nyingi ina shaba, kromi na aseniki. Hapo juu ya nyumba haimdhuru mtu, lakini ukiikata na kuiranda ndani ya gari, vumbi lake utalalia.

Vanishi chagua ya maji. Ukimaliza kupaka, acha gari wazi juani wiki mbili kabla ya kulala. Najua utakuwa na hamu ya kuondoka. Ngoja.

Zulia sikurudisha. Sakafu ni mpira unaofutika kwa kitambaa, dari ni plaiwudi nyembamba, mapazia ni vitenge ambavyo mke wangu anavifua vikakauka kabla ya saa sita. Vumbi la barabara ya Korogwe halina pa kujificha.

Hatua ya 6: Umeme

Andika kila kifaa, wati zake na saa kitakazotumika kwa siku. Yetu ya kawaida ni hii: friji ndogo ya kompresa ya lita 40 inatumia wati-saa 500 siku ya joto, feni wati 20 kwa saa 8 ni 160, taa wati 10 kwa saa 4 ni 40, simu mbili 30, kompyuta mpakato 100. Jumla 830. Betri ya lithiamu aina ya LiFePO4 ya volti 12.8 na ampea-saa (Ah) 100 inabeba wati-saa 1,280, na asilimia 80 yake ni kama 1,020. Inatosha. Betri ya risasi ya ukubwa huo ungetumia nusu tu bila kuiharibu, ina uzito zaidi ya mara mbili, na zile za kuongeza maji hutoa gesi ya haidrojeni inayolipuka. Hiyo usiifungie chumba kimoja na kitanda.

Paneli ya wati 300, kwa jua la saa 5 na ukatwe robo kwa joto, vumbi na hasara za waya, inakupa kama wati-saa 1,100 kwa siku. Nimechukua kubwa makusudi, maana ukiegesha chini ya mwembe unapata kivuli na unakosa umeme. Weka pia chaja inayochota kutoka kwenye jenereta ya injini wakati mnaendesha. Paneli iinuliwe sentimita 3 au 4 juu ya paa, hewa ipite chini yake.

Fyuzi kuu ikae ndani ya sentimita 20 kutoka ncha chanya ya betri. Inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, ikiwa ya wati 1,000 kwenye volti 12 inavuta karibu ampea 100, kwa hiyo waya wake uwe wa milimita za mraba 25 au 35. Waya mwembamba unapata moto nyuma ya ubao ambako huoni, na plaiwudi inawaka. Kila mahali waya unapopita kwenye tundu la bati, uvishe mpira.

Sisi tunaihitaji inveta kwa ajili ya nebulaiza, mashine inayogeuza dawa ya pumu kuwa ukungu wa kuvuta, ambayo haimo kwenye jumla ile ya juu. Kama kuna mgonjwa nyumbani, kifaa chake ndicho cha kwanza kupangiwa umeme, na soketi yake iwe pale mkono wake unapofika akiwa amelala. Pampu ya pumu isiachwe kwenye dashibodi, imetengenezwa isipitishwe nyuzi 50, na gari lililoegeshwa juani hufika huko mbele ya kioo. Yetu iko kwenye mfuko wa kitambaa ubavuni mwa mto.

Hatua ya 7: Jiko libaki nje

Mlango wa nyuma wa Hiace unafunguka kwenda juu, na tayari umepata paa la jikoni. Jenga droo ndefu nyuma, chini ya miguu ya kitanda, inayovutwa nje ikiwa na jiko la sahani mbili juu yake. Mvuke, mafuta na harufu ya vitunguu vinabaki hewani.

Mtungi wa kilo 6 uwe kwenye kisanduku chake kilichozibwa upande wa ndani ya gari, chenye tundu la sentimita 5 sakafuni linalotokea nje. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa chini na kujikusanya, kwa hiyo ipe njia ya kushuka. Kila safari paka povu la sabuni kwenye viungo vya mpira na regyuleta, vipovu vikionekana, funga. Usiku vali ya mtungi inafungwa, siyo ya jiko peke yake.

Jiko la mkaa ndani ya gari, hata likiwa limebaki majivu yenye vimoto vichache, hata kama Lushoto kuna baridi, hapana. Gesi yenye sumu inayotoka kwenye mkaa, kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na inashikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu anasikia usingizi mzito, basi. Nunua kengele ya betri inayolia gesi hiyo ikiwepo, ifunge usawa wa mto, ibonyeze kuijaribu kila mwezi. Kwa baridi ongeza blanketi, vaa soksi, feni izungushe kwa kasi ya chini kabisa bila kuizima.

Hatua ya 8: Maji na choo

Lita 10 kwa mtu kwa siku zinatosha kunywa, kupika, kutawadha na kuoga kwa kopo. Tuna madumu mawili ya lita 20, mapya, yanayopitisha mkono mdomoni ili yasuguliwe ndani. Tangi la kujengewa sikulitaka, huwezi kuliona ndani wala kulitoa kulisafisha. Kilo 40 za maji ziwe upande mmoja, betri na mtungi upande wa pili, gari lisiinamie.

Choo chetu ni ndoo yenye mfuniko unaobana, mfuko na vumbi la mbao kavu. Haja ndogo iende chombo kingine, harufu inapungua sana. Kwa mtu anayeamka usiku, au mama mjamzito, hili ni muhimu kuliko friji.

Hatua ya 9: Mbu na mbung'o

Kila penye hewa pawe na wavu, ukiwemo mlango mzima wa kuteleza. Shona neti kubwa kuliko mlango kwa sentimita 15 kila upande, tia sumaku ndogo kwenye pindo, inajibandika yenyewe kwenye bati. Chini tia mnyororo mwembamba iwe nzito. Hata hivyo juu ya kitanda tunatundika chandarua chenye dawa, kwa sababu mbu wa malaria huuma usiku na mlango hufunguliwa mara nyingi jioni.

Mbung'o ni habari nyingine. Wanauma mchana, wanafuata kitu kinachotembea, na wanavutiwa na bluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Ukienda Tarangire na turubai la bluu ubavuni, umewaalika. Letu ni la rangi ya mchanga.

Hatua ya 10: Lala uani kwanza

Kabla ya safari yoyote, laleni ndani ya gari usiku tatu mkiwa nyumbani. Usiku wa kwanza feni izunguke na kioo kiwe wazi, wa pili punguza kioo kibaki vidole viwili, wa tatu uwe wa mvua kama mkibahatika. Tundika kipimo cha unyevu karibu na mto na kingine nje. Tanga unyevu wa nje wenyewe uko juu, kwa hiyo usitafute namba ya kwenye vitabu, angalia tofauti: ndani pasizidi nje kwa mengi.

Alfajiri, kabla hamjafungua mlango, pitisha kiganja kwenye mbavu za paa, kwenye fremu za vioo, na chini ya godoro upande wa ukutani. Palipo na unyevunyevu patie alama kwa chaki, mchana ubandue hapo uone povu limeachia wapi. Mimi nilipata sehemu mbili, zote juu ya mlango wa kuteleza. Nilizibandika upya, tukalala tena usiku wa nne, na asubuhi mke wangu ndiye aliyepapasa dari, akanionyesha kiganja kikavu.